Vitabu vitatu vya kufuma, gunia moja: tulivyochagua Malindi

Muuzaji wa vitabu vya mtumba alikuwa amevipanga vitatu pembeni mwa gunia lake, karibu na rundo la vitabu vya KCPE ambavyo hakuna anayeviuliza tena tangu mtihani wenyewe ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kimoja cha Kiingereza, jalada gumu, mitindo 45, shilingi 500. Cha pili cha Kitaliano, chembamba, mitindo 18, picha za kung'aa, shilingi 600. Cha tatu hakikuwa na nguo hata moja ndani. Kilikuwa na mishono tu, zaidi ya 200, kila mshono na mchoro wake wa vijumba, shilingi 1,200.

Shoga yangu alikuwa ameshakikumbatia kile cha Kitaliano. "Tazama sweta hii, wallahi. Hiki ndicho."

"Hiyo ni kazi ya mpiga picha, shoga. Fungua ukurasa wa maelekezo."

Tulichutama pale mpaka adhana ya alasiri. Nimefuma kwa sindano mbili miaka mingi, na kabatini nina vitabu vinne nilivyovinunua kwa sababu ya jalada, ambavyo sijafuma kutoka kwavyo hata soksi. Siku hizi kitabu cha kufuma nakinunua kama ninavyonunua samaki: nafunua mashavu kwanza, magamba baadaye.

Shida zetu hazikuwa moja. Yeye alitaka seti ya mtoto, yaani kofia, soksi, sweta na shali, maana bintiye ana mimba ya miezi saba. Na pia sweta ya shule ya mpwawe anayekwenda bweni bara. (Ndiyo, tuko Malindi, joto ni hili hili. Lakini jaribu kumwambia bibi yeyote wa hapa kwamba kitoto kichanga hakihitaji kofia ya sufu, uone atakavyokutazama.) Mimi nilitaka kitu cha kunipa mawazo ya shali na foronya za kuuza. Nayataja haya mapema kwa sababu ukimuuliza mtu "kitabu hiki kinafaa?" bila kumwambia unataka kufuma nini, jibu lake halitakusaidia.

Namba ninayoitafuta kabla ya picha

Kila mtindo wa nguo ya kuvaa unapaswa kukuambia mkazo: katika kipande cha sentimita 10 kwa 10 kuna vitanzi vingapi na mistari mingapi, kwa sindano ya namba gani. Kwa uzi wa unene wa kawaida utakuta kitu kama vitanzi 22 na mistari 30 kwa sindano ya milimita 4. Kitabu cha sweta kisichotaja mkazo nakirudisha guniani hapohapo.

Hesabu yake ni hii. Mgongo wa sweta una vitanzi 102, mbele vitanzi 102, jumla 204. Kwa mkazo wa vitanzi 22, unapata kifua cha sentimita 93 hivi. Mfumaji mwenye mkono wa kukaza akipata vitanzi 24 badala ya 22, vitanzi vilevile 204 vinatoa sentimita 85. Hakukosea hesabu wala hakuruka mstari, na bado sentimita 8 zimepotea. Sweta hiyo itaishia kwa binti wa jirani.

Cha Kiingereza kilikuwa na mkazo mwanzoni mwa kila mtindo. Cha Kitaliano pia, chini ya neno *campione*, na kando yake picha ya kile kipande chenyewe kilichofumwa, jambo lililonifurahisha. Cha mishono hakikuwa nao, na hakilazimiki kuwa nao, maana hakikuuzii nguo. Hapo kazi ya kupima ni yako.

Cha Kiingereza: maneno mengi, hesabu ya kukaguliwa

Hiki ni cha zamani, cha Uingereza, na uzamani wake unaonekana kwenye sindano. Kinasema "sindano namba 10 na namba 8" bila milimita. Kwa namba za kale za Kiingereza, namba ikipanda sindano inapungua: 8 ni milimita 4, na 10 ni milimita 3.25. Kwa Wamarekani ni kinyume, 8 yao ni milimita 5 na 10 yao ni milimita 6. Mtu akichukua sindano namba 10 ya Kimarekani kwa mtindo wa Kiingereza, pindo la kofia ya mtoto litakuwa pana la kumtosha baba yake. Mimi sindano nilizorithi kwa mama zina namba hizo za kale, kwa hiyo kwangu halikuwa tatizo. Mwenye sindano za siku hizi zenye milimita aandike jedwali dogo kwa penseli ndani ya jalada, basi.

Maelekezo yake yote ni maneno na vifupisho. K ni mshono wa uso, ule unaoonekana kama herufi V. P ni mshono wa mgongo, ule wenye vinundu. Mstari mmoja unaweza kuchukua robo ukurasa, na vipimo vyote vimepangwa kwa mabano: kifua inchi 26, kisha ndani ya mabano 28, 30, 32, na vitanzi vinafuata mpangilio huohuo mpaka mwisho. Kwa aliyezoea ni rahisi. Kwa mgeni ni msitu, na dawa yake ni kuzungushia penseli namba za kipimo chako kabla hujaanzisha kitanzi cha kwanza. Shoga yangu anasoma Kiingereza vizuri na ana subira ya kupinda ukili wa mkeka, kwa hiyo hilo halikunitia wasiwasi.

Kilichonitia wasiwasi ni uzi. Kitabu kinasema "madonge 9" ya uzi wa kampuni fulani, na uzi wa aina hiyo huupati tena dukani. Gramu peke yake haitoshi, unahitaji mita. Donge la sufu la gramu 50 la unene wa kawaida lina kama mita 120. Pamba ya unene huohuo, kwa gramu zilezile, inaweza kuwa mita 85 tu, maana pamba ni nzito. Kwa hiyo madonge 9 ya sufu ni mita 1,080, na ukiamua kufuma kwa pamba utahitaji madonge 13. Kitabu kisichotaja mita kinakuacha ukiwa na mkono mmoja wa sweta na duka limemaliza rangi ile. Hiki hakikutaja. Alama moja chini.

Kisha nikafanya jaribio ninalolifanya kwa kila kitabu: nikachagua mtindo mmoja katikati, si wa kwanza, na kuufuata kwa kidole mpaka mwisho huku nikijumlisha. Mtindo wa kwanza huwa umekaguliwa na kila mtu. Wa katikati ndio unaoonyesha kama mhariri alisinzia. Nikafungua sweta ya shule, sehemu ya mkono. Anza na vitanzi 48. Ongeza kitanzi kimoja kila upande katika kila mstari wa sita, mara 12. Hiyo ni 24 juu ya 48, jumla 72. Kitabu kimeandika 74.

Nikarudia. 72. Shoga akahesabu kwa vidole vyake, 72.

Kosa la aina hii si mwisho wa dunia kama umeliona ukiwa umechutama sokoni. Ukiligundua saa nne usiku baada ya kufumua mara tatu ukidhani ni wewe, ni jambo jingine. Nikakagua mitindo mingine mitatu, yote ilikuwa sawa. Kosa moja katika mitindo minne nalivumilia; makosa mawili ningekiacha. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya matoleo mawili ya kitabu kilekile, chukua chapa ya baadaye, kwa sababu makosa ya namna hii mara nyingi hurekebishwa humo.

Cha Kitaliano

Mtu wa nje atashangaa kitabu cha kufuma cha Kitaliano kinatafuta nini sokoni kwetu. Sisi hatushangai. Tangu Waitaliano waliporusha setilaiti kutoka bahari ya Ngomeni mwaka 1967, na watalii wao wakafuata, Kitaliano kimekuwa lugha ya ufukweni hapa. Mwenye nyumba akiuza villa na kurudi kwao, vitabu vyake vinaishia guniani.

Nakiri hiki kilikuwa na kitu ambacho cha Kiingereza hakina: kila nguo ina mchoro wa vipande vyake, mgongo, mbele na mkono, na sentimita zimeandikwa kila upande. Mchoro huo una thamani kuliko picha kumi za rangi. Unakuonyesha urefu mpaka kwapani, upana wa bega, kina cha shingo, na hapo unaweza kurefusha au kufupisha bila kubahatisha. Sindano zake hazina fumbo lolote, *ferri* namba 4 ni milimita 4. Na nguo nyingi zilikuwa za pamba, za mikono mifupi, za kuvalika Januari kaskazi inapochoma. Kwa hali ya hewa, hiki peke yake ndicho kilichoandikwa kana kwamba mwandishi anaishi Malindi.

Lugha sasa. Maneno ya msingi ni machache kuliko watu wanavyodhani: *dir.* ni mshono wa uso, *rov.* ni wa mgongo, *aum.* ni kuongeza, *dim.* ni kupunguza. Maneno kumi na tano hivi yanakuvusha mtindo mwepesi. Shoga akasema mumewe anajua Kitaliano, amefanya kazi hotelini miaka mingi. Nikamwambia Kitaliano cha shemeji ni cha kuagiza samaki na kuomba ufunguo, sidhani kina neno la kwapa. Akacheka lakini hakukiachia kitabu.

Kilichomfanya akiachie ni vipimo. Aliona sweta ile imeandikwa *taglia* 42, yaani saizi 42, akasema, "Mimi ni 42!" Yeye ni inchi 42 kifuani, yaani kama sentimita 107. Taglia 42 ya Kitaliano ni mwanamke mwembamba ambaye kifua chake hakifiki sentimita 90. Nikamwonyesha upana kwenye ule mchoro wa mgongo, akajipima kwa kanga yake. Kimya. Kitabu kizima kilikuwa cha kuanzia 40 mpaka 46, na kwa watoto wachanga kilikuwa na mitindo miwili tu.

Mwanamke mwembamba, anayejua Kitaliano kidogo na anayetaka kuuzia wageni vitopu vya pamba, akinunue bila kusita.

Cha mishono, kinachosomwa kama chuoni

Hiki ndicho nilichokitamani mimi, na ndicho ambacho wanaoanza hukikimbia. Kila ukurasa una mishono miwili au mitatu: picha ya kipande, na chini yake mchoro wa vijumba. Kijumba kimoja, kitanzi kimoja. Kitupu ni mshono wa uso, chenye kistari ni wa mgongo, chenye duara ni pale unapozungusha uzi kutengeneza tundu, chenye mshazari ni vitanzi viwili vilivyofumwa pamoja. Lugha haina kazi hapo. Wajapani wameupanga mfumo wa alama zao kitaifa, ndiyo maana wafumaji wa nchi nyingi wananunua vitabu vya Kijapani bila kujua kusoma hata neno moja la Kijapani.

Mchoro unaanzia chini, kona ya kulia, na mstari wa kwanza unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Sababu ni sindano yenyewe: kitanzi cha kwanza kinachofumwa ndicho kilicho mwisho wa kulia. Wazungu ninaowajua huhangaika na hilo wiki nzima. Bibi yangu, ambaye hakukanyaga shule ya kizungu lakini chuoni alihitimu Kurani, nilimpa mchoro wa kwanza wa maisha yake akaufuma siku hiyohiyo. Aliniuliza swali moja tu: "Na mstari wa kurudi?" Hapo ndipo penye mtego. Ukifuma kwenda na kurudi, mstari wa pili unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na alama zinageuka: kinachoonekana uso kwenye mchoro unakifuma mgongo, kwa sababu sasa umeishika kazi kwa nyuma. Ukifuma kwa mviringo, kama kofia, mistari yote ni kulia kwenda kushoto, na hakuna cha kugeuza.

Kukikagua kitabu cha namna hii naangalia mambo mawili. Kwanza, maelezo ya alama yako wapi? Yakiwa ukurasa wa 7 peke yake na mshono ninaoufuma uko ukurasa wa 180, nitakuwa nikipekua mpaka karatasi ilegee. Hiki kilikuwa na alama chache chini ya kila mchoro. Vizuri. Pili, je, kinataja zidisho? Mshono wa matundu nilioupenda ulisema: zidisho la 8, ongeza 3. Maana yake nachagua upana wowote, mradi vitanzi viwe 8 mara kadhaa na 3 juu yake. Kwa shali ya watu wazima nachukua 8 mara 9, ni 72, na 3, ni 75. Mshono huohuo kwa foronya, kwa pazia la dirisha la choo, kwa kitambaa cha kochi. Mtindo wa sweta unakupa sweta hiyo tu.

Ila usidanganywe na wingi wake. Hakikufundishi kukata kwapa wala shingo. Asiyewahi kufuma nguo kamili atabaki na vipande vizuri mia mbili visivyovalika.

Mambo madogo

Pesa. Usigawe bei kwa idadi ya mitindo iliyomo, gawa kwa idadi utakayoifuma kweli. Cha Kitaliano, shilingi 600 kwa mitindo 18, kinaonekana kama shilingi 33 kila mmoja. Kwa shoga yangu, aliyekuwa na mitindo miwili tu ya kufuma humo, ni shilingi 300 kila mmoja. Cha Kiingereza alihesabu mitindo minane anayoihitaji: shilingi 500 kwa minane ni 63 hivi.

Bahari inakula vitabu. Fungua katikati unuse. Ukungu ukishaingia kwenye gundi ya mgongo hautoki, na utakihamishia kwenye sufu yako kabatini. Kisha hesabu kurasa: michoro mikubwa huwa katikati, na ndiyo inayochanwa na mwenyewe wa kwanza.

Kilaze pia. Kitabu cha kufuma lazima kikae wazi chenyewe mapajani, kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi. Cha Kiingereza kilijifunga kila nilipokiachia; kitahitaji jiwe.

Kwa wa kroshia, kabla ya yote jua kitabu ni cha nani. Majina ya mishono hutofautiana: dabo ya Mwingereza ndiyo singo ya Mmarekani, na trebo ya Mwingereza ndiyo dabo ya Mmarekani. Kitabu cha sasa kikitaja singo, karibu kila mara ni cha Kimarekani. Kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa kuchanganya hizo mbili hurefuka mpaka kikawa shuka.

Na simu? Kuna mitindo mingi ya bure, na kwenye mtandao wa Ravelry, ulioanza mwaka 2007, unaweza kutafuta jina la kitabu na kuona kazi za watu wa kawaida waliofuma kutoka humo, matumbo na mabega ya kweli, pamoja na malalamiko yao kuhusu makosa. Mimi huutumia kabla ya kununua kitabu kipya cha bei kubwa. Kwa kitabu cha mtumba cha shilingi 500, bando litamaliza faida.

Mwishowe mimi nikachukua cha mishono kwa 1,000, bila ubishi mrefu, maana muuzaji alikuwa amechoka kukibeba. Cha Kitaliano tukakiacha kimefunguliwa kwenye ile sweta, apite mwenye taglia yake. Shoga akachukua cha Kiingereza, na hapo ndipo nilipomwambia kijana, "Mwanangu, hiki kina kosa. Mkono wa sweta hii umezidishwa vitanzi viwili. Tufanyie 350."

"Mama, vitanzi viwili navyo ni vya kupunguziwa bei?"

"Viwili kila mkono. Na mtoto ana mikono miwili."

Akatutazama, akautazama ukurasa wa namba alizozielewa nusu, akasema 400.